Stesheni mbili za Dar es Salaam: zege la 1975 na kioo cha 2024

Mwaka 1967 mambo matatu yalitokea ambayo hakuna aliyedhani yangekuja kukutana. Februari 5, Azimio la Arusha lilitangazwa. Mwaka huohuo, katika ardhi kavu ya Mirerani, jiwe la buluu lenye rangi ya zambarau ndani yake liliokotwa, na mwaka uliofuata duka la vito la Tiffany la New York likaliingiza sokoni kwa jina la tanzanite. Septemba 5, mjini Beijing, wajumbe wa Tanzania, Zambia na China walitia saini makubaliano ya kujenga reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia.

Leo Dar es Salaam ina stesheni mbili kubwa za abiria ambazo asili yake ni mwaka ule, kila moja kwa njia yake. Ile ya TAZARA, kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, ilizaliwa na saini za Beijing. Ile ya reli ya kisasa, SGR, iliyopo katikati ya jiji karibu na bandari na kupewa jina la Rais John Magufuli, imebuniwa kwa umbo la tanzanite. Ya kwanza ilianza kupokea treni mwaka 1975, ya pili 2024. Kati yao ipo karibu nusu karne, na anayeingia kwenye moja akitoka kwenye nyingine anauona umri huo kabla hajakata tiketi.

Kwa watu wa Chapwa, Tunduma na Songwe nzima, huku mpakani na Zambia, stesheni ya TAZARA si jengo la mji wa watu. Ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari ya kwanza ya wengi kwenda Pwani: kijana anayekwenda chuo, mama anayempeleka mgonjwa Muhimbili, mfanyabiashara anayefuata mzigo Kariakoo. Wanapandia Tunduma, treni ikiwa imetoka Zambia na imevuka mpaka, au Vwawa, makao makuu ya mkoa tangu Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Wanashuka kwenye jengo la zege ambalo wazazi wao pia walishukia.

Historia ya jengo lile inaanzia huku mpakani zaidi ya inavyoanzia Dar. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia. Shaba ya Zambia ilikuwa ikienda baharini kwa reli zinazopita kusini, mikononi mwa watu ambao Rais Kenneth Kaunda hakutaka kuwategemea hata siku moja. Mafuta yalipokatwa, mapipa yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Mbeya na Tunduma, kwenye barabara ya vumbi kiangazi na tope masika. Ajali zilikuwa nyingi mno, kiasi kwamba njia ile ilipewa jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye kilomita 1,710 hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968 na kupunguza adha hiyo. Lakini shaba haipiti kwenye bomba.

Benki ya Dunia ilikwisha sema kwamba reli haitalipa. Nchi za Magharibi zilipoombwa fedha hazikutoa. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, Kaunda akaenda Juni 1967, na miezi mitatu baadaye makubaliano yakasainiwa. China yenyewe haikuwa nchi tajiri wakati ule. Ilikopesha yuan milioni 988, bila riba, zilipwe kwa miaka 30.

Wamarekani nao hawakuwa mbali. Katika miaka ileile fedha za msaada wa Marekani zilikuwa zikigharamia sehemu kubwa ya barabara ya lami ya TANZAM, ambayo leo ndiyo hii yenye malori yanayoelekea mpakani kupitia mji wa Tunduma. Kwa hiyo mataifa mawili ambayo hayakuwa na uhusiano wa kibalozi, na ambayo rais wa moja alitembelea jingine kwa mara ya kwanza Februari 1972 tu, yalikuwa yakijenga njia mbili zinazofuatana kuelekea mpaka mmoja. Nyanda za Juu Kusini zilipata lami ya Washington na reli ya Beijing karibu kwa mpigo.

Ujenzi wa reli ulizinduliwa Oktoba 1970. Vyuma vilifika mpakani Tunduma Agosti 1973, vikafika Kapiri Mposhi Juni 1975. Ni kilomita 1,860 kwa jumla, 975 kati yake zikiwa Tanzania, pamoja na madaraja zaidi ya 300 na mahandaki 22. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako mlima unapanda ghafla kutoka bonde la Kilombero na ambako mengi ya mahandaki hayo yalichimbwa. Mahali pa juu kabisa ni Uyole, mlangoni mwa Mbeya, karibu mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Zaidi ya Wachina 60 walifariki katika kazi hiyo, na wengi wao wamezikwa kwenye makaburi yaliyopo upande wa Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia waliofanya kazi pale walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wako waliopotezea uhai wao humo pia.

Jambo moja la ujenzi ule linastahili kukumbukwa na kila anayeulizia nani alilipa. Mishahara ya vibarua na gharama nyingine za hapa nchini zililipwa kwa bidhaa. China ilileta vitambaa, vyombo vya nyumbani, zana na vifaa vingine, maduka ya umma ya Tanzania na Zambia yakaviuza, na fedha za mauzo zikaingia kwenye mradi. Mwanakijiji wa Mbozi aliyenunua sufuria ya Kichina mwaka 1972 alikuwa akichangia reli, ajue asijue.

Jengo la stesheni ya Dar es Salaam limebeba fikra za miaka hiyo. Ni refu kwa upana kuliko kwa kimo, limelala sambamba na reli, paa lake ni bapa, na limejengwa kwa zege kuanzia chini hadi juu bila kuficha kwamba ni zege. Hakuna nakshi, hakuna mnara wala kuba. Anayelitazama kutoka barabarani anaona mistari iliyonyooka na sehemu ya katikati yenye ukumbi, ambao dari yake iko juu sana. Mjerumani aliyejenga reli ya kati kuanzia 1905 alipenda mapaa ya vigae na matao. Mchina wa 1975 alileta umbo ambalo lingeweza kusimama Wuhan au Nanjing, isipokuwa kwa jambo moja kubwa: hewa.

Ukumbi ule haukujengwa kwa ajili ya viyoyozi. Ulijengwa ili upepo uingie upande huu na kutokea upande ule. Dari ipo juu ili joto lipande na kuwaacha watu chini. Mchana wa Februari, jua la Dar likiwa kali kuliko mtu wa Tunduma anavyoweza kulizoea, abiria aliyeketi kwenye benchi ndani ya ukumbi huo yuko kivulini na hewa inapita, hata umeme ukiwa umekatika. Wataalamu wa majengo huandika vitabu vizima kuhusu namna ya kujenga kwa nchi za joto. Pale TAZARA somo hilo linaelezwa bila maneno.

Na nafasi ni kubwa. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni huligundua, na wengine hulitafsiri kama kasoro: ukumbi unaonekana mkubwa mno kwa watu waliomo. Ni kweli. Reli ilisanifiwa kubeba tani milioni mbili za mizigo kwa mwaka, haikuzifikia hata mwaka mmoja, na mwaka wa fedha wa 2014/15 ilibeba tani 88,000 tu. Treni za abiria nazo zilipungua na kuchelewa. Lakini ukubwa ule ulipangwa kwa sababu. Walioliwaza jengo hilo walimfikiria abiria wa daraja la tatu aliyetoka mbali, amebeba gunia la mahindi, debe la maharage, kuku wawili na watoto watatu, ambaye anafika stesheni jioni kwa treni ya kesho yake kwa kuwa hana ndugu mjini. Mtu huyo anahitaji mahali pa kutandika khanga na kulala. Ukumbi wa TAZARA ulimpa mahali hapo bila kumuuliza swali.

Ukitaka kuuona umri wa stesheni, tazama sakafu na ngazi. Pale watu wanapopita kwa wingi, kuelekea madirisha ya tiketi na milango ya kwendea jukwaani, miguu imesugua hadi rangi imebadilika, na kona za vidato zimepoteza ukali wake. Pembeni, ambako mtu hupita mara chache, sakafu bado iko kama ilivyomwagwa. Hakuna kitabu cha takwimu kinachoonyesha wazi hivyo wapi watu walikwenda na wapi hawakwenda katika miaka hamsini. Nje, kwenye reli zenyewe, bado zipo alama za Kichina zilizopigwa kiwandani kwenye vyuma.

Wajenzi wa enzi hiyo waliamini katika zege, na si Wachina peke yao. Soko la Kariakoo la msanifu Beda Amuli, aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuisomea na kuifanya kazi hiyo, lilijengwa miaka hiyohiyo ya 1970, likiwa na nguzo zinazopanuka juu kuwa paa na kukusanya maji ya mvua. Zanzibar ilikuwa ikisimamisha maghorofa ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kando ya barabara ya Morogoro, kilikuwa tayari kimejengwa kwa mkopo wa China tangu 1968. Majengo haya yote yanafanana kwa kitu kimoja: yalijengwa na dola iliyoamini kwamba mtu wa kawaida anastahili jengo kubwa. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba dola hiyohiyo itakuwa na fedha za kuyatunza.

Sasa twende mjini.

Stesheni ya Magufuli ipo jirani na eneo la stesheni kongwe ya reli ya kati, mahali ambapo Wajerumani walianzia safari ya vyuma iliyofika Kigoma Februari 1914. Jiwe la msingi la SGR liliwekwa Aprili 12, 2017. Kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki ilijenga vipande vya kwanza, Dar es Salaam hadi Morogoro na Morogoro hadi Makutupora. Juni 14, 2024 treni ya kwanza ya abiria ya kibiashara iliondoka kwenda Morogoro, Julai 25 safari zikafika Dodoma, na Agosti 1 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua rasmi. Nauli ya kawaida iliyotangazwa ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Treni hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, kwa umeme, na Dodoma mtu anafika kwa saa tatu na nusu hivi. Basi lilichukua siku nzima ya kazi.

Jengo lenyewe linatazama juu. Ni ghorofa za kioo na chuma zilizokatwa kwa pembe kali, mithili ya jiwe lililopitia kwa fundi wa vito, na vioo hubadilika rangi jua linavyotembea. Ndani kuna ngazi za umeme, lifti, viyoyozi, mbao za kielektroniki zinazoonyesha saa za kuondoka, na milango inayofunguka kwa tiketi. Mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege. Kila stesheni kubwa ya njia hii imepewa umbo linaloeleza mahali ilipo: ya Morogoro imefuata milima ya Uluguru, ya Dodoma vilima vya mawe vya Ugogo. Hili ni wazo zuri na ni geni kwa serikali yetu, ambayo kwa miaka mingi ilijenga ofisi ya wilaya ya Mbozi sawasawa na ya Newala. Kwa mara ya kwanza msafiri anaweza kutazama jengo la umma na kutambua, bila kusoma bango, kwamba jengo hili ni la nchi hii na la mji huu.

Kuna mambo ambayo stesheni mpya inayafanya vizuri mno, na si haki kuyapita haraka. Treni inaondoka saa iliyoandikwa. Vyoo ni visafi. Mtu mwenye ulemavu anafika jukwaani bila kubebwa. Mwanamke anayesafiri peke yake usiku yuko kwenye mwanga na walinzi wapo. Yeyote aliyewahi kusubiri treni ya TAZARA kwa saa kumi na mbili bila kuelezwa iko wapi anajua thamani ya mambo hayo.

Lakini jengo la kioo lina masharti yake. Ukuta wa kioo katika jiji la Dar es Salaam unaingiza jua, na jua likishaingia lazima viyoyozi vifanye kazi, na viyoyozi vinataka umeme saa zote. Siku umeme ukisita, ukumbi ule hauna namna ya kupumua wenyewe. Vioo vilivyokatwa kwa pembe vinahitaji kusafishwa na watu wenye vifaa maalumu, la sivyo vumbi na chumvi ya bahari vitavifanya vififie. Na gunia la mahindi halina nafasi pale. Mashine ya ukaguzi na kikomo cha mizigo vimemlenga msafiri mwenye begi la magurudumu, na abiria wa magunia inabidi atafute namna nyingine. Hiyo si dharau ya makusudi. Ni picha ya abiria ambayo wabunifu walikuwa nayo vichwani, kama vile wale wa 1975 walivyokuwa na yao.

Hata fedha zimebadilika sura. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa mkopo usio na riba wa serikali kwa serikali. SGR ilianza kwa fedha za ndani, kisha Februari 2020 Tanzania ikasaini mkopo wa dola za Marekani bilioni 1.46 ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered kwa ajili ya vipande viwili vya kwanza. Mkopo wa siasa huvumilia jengo tupu. Mkopo wa benki unadai abiria, maduka, matangazo na tiketi zinazonunuliwa. Ndiyo maana stesheni mpya ina nafasi nyingi za biashara, na ya zamani ina mabenchi mengi.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Stesheni hizi mbili zimetenganishwa na kilomita chache tu za mji, lakini behewa la moja haliwezi kufika kwenye nyingine. Reli ya kati ya Wajerumani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067, upana uliochaguliwa ili treni ziweze kuendelea kwenye reli za Zambia na nchi za kusini. SGR ina 1,435. Jiji moja lina reli za upana wa namna tatu, na kila moja ni kumbukumbu ya tawala zilizokuwa zikifikiri kuelekea pande tofauti: Mjerumani kuelekea Ziwa Tanganyika, Mwalimu na Kaunda kuelekea kusini, na serikali ya leo kuelekea Mwanza, Kigoma na nchi jirani za maziwa. Kwa mtu wa Chapwa maana yake ni nyepesi: treni ya umeme haiji Tunduma. Njia yake ya chuma inabaki ileile ya Wachina, na kituo chake Dar ni kilekile cha zege.

Hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa na uzito. Septemba 2025 kampuni ya CCECC ya China ilisaini na Tanzania na Zambia mkataba wa miaka 30 wa kuifufua na kuiendesha TAZARA, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Fedha zitaingia kwenye reli, injini, mabehewa na mawasiliano. Zikishaingia, mtu fulani mwenye kalamu ataangalia stesheni ya Dar es Salaam, ataiona imechakaa, ataikumbuka ile ya vioo mjini, na atasema ivunjwe ijengwe mpya. Au, jambo linalotokea mara nyingi zaidi na linaloharibu zaidi, atasema iwekwe dari bandia, madirisha yazibwe kwa alumini, kuta zivishwe vigae vinavyong'aa na viyoyozi vifungwe. Jengo litabaki limesimama na litakuwa limekufa.

New York walipitia njia hii kabla yetu. Mwaka 1910 kampuni ya reli ya Pennsylvania ilifungua stesheni ya mawe katikati ya jiji, kazi ya wasanifu McKim, Mead na White, yenye ukumbi mkuu ulioigwa kutoka kwenye mabafu ya kale ya Caracalla, Roma. Miaka hamsini baadaye, magari na ndege zikiwa zimechukua abiria, kampuni ilikuwa na hasara na jengo lilikuwa chafu. Oktoba 1963 lilianza kubomolewa. Nguzo zake zikatupwa kwenye vinamasi vya New Jersey, abiria wakasukumiwa chini ya ardhi kwenye vijia vyenye dari fupi, na juu yake ukajengwa uwanja wa michezo wa Madison Square Garden.

Wakazi wa jiji hilo walipoona kilichobaki walishtuka. Aprili 1965 ilipitishwa sheria ya kulinda majengo muhimu ya jiji. Sheria hiyo ndiyo iliyookoa stesheni ya pili, Grand Central ya 1913, wamiliki walipotaka kuisimamishia mnara mrefu juu ya paa lake. Jacqueline Kennedy Onassis aliingia kwenye kampeni ya kuitetea, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 1978 mahakama ikaamua kwamba jiji lina haki ya kulinda jengo lile. Ile iliyobomolewa haikurudi. Januari 2021 New York ilifungua ukumbi mpya wa treni ndani ya jengo la posta la zamani mkabala na mahali ilipokuwa, kwa gharama ya dola bilioni 1.6, na wasanifu waliacha fremu za chuma za 1914 zionekane chini ya paa jipya la kioo. Cha kale na cha sasa vikae pamoja: inawezekana, ila ni ghali zaidi ukishabomoa kwanza.

Sheria yetu haitoi kinga ya namna hiyo kwa urahisi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la baadaye linahitaji tangazo la waziri. Magofu ya Kilwa yako salama kisheria, na ndivyo inavyopaswa. Stesheni ya 1975 haiko salama, ingawa waliopita ndani yake bado wako hai na wanaweza kueleza siku walipoiona kwa mara ya kwanza. Watu wa mambo ya kale wamezoea kungoja jengo lizeeke ndipo walipende. Zege la miaka ya 1970 halitasubiri, kwa sababu limefikia umri mbaya: limechakaa vya kutosha kuchukiwa, halijawa la kale vya kutosha kuheshimiwa. Kariakoo imeonyesha hatari hiyo tayari. Moto wa Julai 10, 2021 uliunguza soko lile la Amuli.

Stesheni ya TAZARA ya Dar es Salaam haihitaji kugeuzwa makumbusho. Tangu Oktoba 2012 treni za mjini za abiria, ambazo watu waliziita treni za Mwakyembe kwa jina la waziri aliyezianzisha, zimekuwa zikiondokea hapo kuelekea Mwakanga, na wanaozipanda ni wafanyakazi, wanafunzi na wachuuzi. Jengo linafanya kazi. Kinachohitajika ni paa lisilovuja, umeme uliofungwa vizuri, vyoo vipya, njia za viti vya magurudumu, ubao wa saa unaosema kweli, na ukumbi ulioachwa wazi kwa upepo kama ulivyojengwa. Hayo yote yanaweza kuandikwa kwenye mkataba wa ukarabati kabla kazi haijaanza, na gharama yake ni ndogo mbele ya dola bilioni 1.4.

Na Dar si peke yake. Stesheni ya Mbeya, nje kidogo ya mji kwenye barabara inayokuja Tunduma, ni ndugu yake wa karibu, ina ukumbi mpana uleule na zege lilelile. Kapiri Mposhi ina yake upande wa pili. Katikati kuna Vwawa, Tunduma na stesheni ndogo ambazo treni husimama dakika chache, akina mama wakapitisha ndizi na mahindi ya kuchoma madirishani, kisha ikaondoka. Iwapo zitapakwa rangi mpya au kuvunjwa, hakuna atakayeweza kuonyesha zilikuwaje kama hazijapimwa.

Kazi ya kuzipima haihitaji waziri. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wanafunzi wa usanifu majengo, na kipo Iyunga, mwendo mfupi kutoka stesheni ya TAZARA. Chuo Kikuu Ardhi kipo Dar es Salaam. Mwalimu mmoja, futi za kupimia, kamera, na ruhusa ya mkuu wa stesheni vinatosha kuanza: Mbeya kwanza kwa kuwa ni jirani, kisha Vwawa na Tunduma, kisha kushuka hadi Makambako na Mlimba. Wazee waliomwaga zege lile wapo Mbozi na Mbeya, wengine wanakaribia miaka themanini. Wanakumbuka mchanga ulitoka mto gani, nani alikuwa nyapara, na Mchina yupi alijua Kiswahili. Waulizwe mwaka huu, kabla mafundi wa CCECC hawajazifikia stesheni na ngazi zao.